Ukanda Chini ya Dirisha

Senge yangu Wilkista hakuwa na macho kama yetu. Sisi wengine tukienda soko la Kitale tulitazama bei. Yeye alitazama karatasi za peremende zilizotupwa chini. Aliinama, akaziokota, akazipangusa kwa kitambaa cha kichwa na kuzitia kifuani, mimi nikiwa nimesimama hapo na sare yangu ya shule, natamani ardhi inimeze. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na wasichana wa darasa letu walipenda kupita sokoni saa hiyo hiyo.

"Hii nyekundu na hii ya kijani zimekaa pamoja vizuri," alisema. "Si uone, Lenah. Nani alifundisha hizi rangi kukaa hivi?"

Kwetu Bungoma senge ni dada wa baba, na hajibiwi ovyo. Kwa hiyo nilinuna tu. Baba alinipeleka kwake Matisi, pembeni mwa Kitale, mwaka wa themanini na nane ili nisome mjini. Senge alikuwa ameachika. Mume wake alikaa naye miaka tisa, hakuja mtoto, akamrudisha kwao na sanduku moja la mabati. Hakupenda kuzungumza habari hizo, nami sikuwahi kumuuliza. Alipanga nyumba ya udongo yenye vyumba viwili, na jambo la kwanza alilofanya, kabla hata ya kununua kitanda, ni kupamba kuta.

Rangi zake hazikutoka dukani. Udongo mwekundu aliuchimba kando ya barabara, mweupe akaufuata mtoni. Rangi nyeusi aliipata kwa kupasua betri kuukuu za redio na kutwanga ule mkaa wa ndani. Buluu ilikuwa ile ile ya kufulia mashati meupe. Alichanganya na kinyesi cha ng'ombe ili ishike, kisha akapaka kwa vidole, bila brashi, akitembea polepole kando ya ukuta. Viti vyetu vilikuwa vibovu, lakini kila kimoja kilikuwa na kitambaa alichokidarizi kwa nyuzi za sweta zilizochanika. Hata kandambili zake zilikuwa na vifungo vya koti vilivyoshonwa juu, kimoja cha kijani na kimoja cha manjano. Majirani walimcheka. Mimi pia nilimcheka, chinichini.

"Mtu akiamka asubuhi," aliniambia, "lazima aone kitu moja mzuri kabla hajaona shida zake."

Kizuri chajiuza. Waliomcheka ndio walioanza kumwita. Mwanamke mmoja alitaka ua kando ya mlango, mwingine akataka chumba cha wageni kifanane na kanga yake ya Krismasi. Senge alikwenda, akatazama kwanza. Alitazama sahani za mwenye nyumba, nguo zilizoanikwa, kuku wa uani, hata mboga zilizokatwa kwenye ungo, ndipo akaamua kuta zinataka nini. Aliporudi jioni mikono yake ilikuwa na rangi hadi kwenye kiwiko. Aliomba nimmiminie maji anawe, nami nilijibu kwamba nina masomo. Miaka ile sikumsaidia hata siku moja, na sasa hilo linaniuma kuliko mambo makubwa.

Kitu kilichompa jina alikipata kwa Chemutai. Huyu alikuwa mwanamke wa Kisabaot, kabila jirani letu, kutoka upande wa Saboti kuelekea mlimani, aliyetuletea maziwa ya mtindi katika vibuyu, mara mbili kwa wiki. Walikuwa rika moja, na walielewana kwa namna ambayo sikuielewa, maana kila mmoja alizungumza Kiswahili chake na hakuna aliyemsahihisha mwenzake. Siku moja senge alishika kibuyu kimoja na hakukirudisha. Shingoni mwa kibuyu kulikuwa na ukanda wa shanga: chini nyeupe, katikati wimbi jekundu, na katika kila tumbo la wimbi, nukta tatu nyeusi.

"Nani alishona hii?"

"Mama yangu," Chemutai alisema. "Huyo mzee hakuna kazi ingine. Akimaliza kibuyu, anatafuta ingine."

Jumamosi iliyofuata senge alipanda Saboti kumwona mama huyo, Jepkosgei. Alirudi akiwa amejaa habari zake. Mama mzee alicheka sana kusikia kwamba mtu anataka kutoa ukanda wa kibuyu na kuuweka ukutani, lakini akamfundisha jinsi wimbi linavyopinda, na kwa nini nukta ni tatu na si nne. Senge aliurudia ukanda ule kwetu mara sita kabla haujamridhisha. Aliuweka chini ya dirisha, upana wa kiganja, ukizunguka nyumba nzima.

Mwaka wa tisini ulikuwa mwaka wa tohara. Kwetu Wabukusu wavulana hutahiriwa Agosti, kila baada ya miaka miwili, na mwenye mtoto hawezi kupokea wageni katika nyumba iliyochujuka. Lazima ikandikwe upya na kupambwa. Tangu Juni senge hakupumzika. Alipamba Matisi, akapamba mashamba ya kuelekea Saboti, na kila boma lilitaka kitu kimoja, ule ukanda. Nyumba iliyoukosa ilionekana kama mtu aliyekwenda kanisani bila kuoga. Ilipofika siku ya sherehe, ungeweza kusimama kilimani na kuhesabu nyumba za watu wetu kwa kutazama madirisha tu.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na nitalisema ingawa nilimpenda. Watu walianza kuuita ukanda wa Wabukusu. Wazee walisema ni wa mababu, kwamba bibi zao walipaka hivyo hivyo zamani. Senge alisikia. Alijua vizuri umetoka kwenye kibuyu cha nani. Akatabasamu, akanyamaza. Alikuwa mwanamke aliyerudishwa kwao na sanduku moja, na sasa wazee walimpa kiti na kumsifu mbele ya watu. Mimi pia ningenyamaza, labda.

Desemba ya mwaka uliofuata, Chemutai alimaliza nyumba mpya. Mama yake alikuwa amepooza upande mmoja na ulimi wake umekuwa mzito, haongei neno likaeleweka, naye Chemutai alitaka aishi humo, karibu naye.

"Niwekee ile ya mama," alimwambia senge. "Akilala hapo ndani ajue ni kwake."

Senge alikwenda kukaa siku tatu na hakukubali malipo. Alipaka nje, chini ya kila dirisha, na ndani pia, kwenye ukuta uliokabili kitanda. Aliniambia kwamba mama mzee aliutazama muda mrefu, akacheka kwa upande ule mmoja wa uso uliobaki. Sikumbuki senge akiwa na furaha kama ya wiki ile.

Kisha mambo yakaharibika. Watu walikuwa wameanza kuzungumza habari za mashamba na kura, nani alikuja na nani alikuwapo, na mwanzoni mwa tisini na mbili maneno yakawa moto. Wasabaot walichoma nyumba za Wabukusu. Na wetu walichoma pia, sitaki mtu aniambie vingine. Kuna methali kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia. Siipendi methali hiyo. Nyasi huota tena.

Watu walikimbilia Kitale na magodoro vichwani, wakajaa katika uwanja wa kanisa moja la mjini. Senge alipika uji kila asubuhi, akaupeleka huko, nami siku moja nilikwenda naye kwa sababu shule ilikuwa imefungwa. Huko tulimkuta Chemutai ameketi chini na watoto wake wawili. Senge alishangaa, maana watu wa upande wake hawakuwa wakikimbia kutoka Saboti. Wao ndio waliokuwa wamebaki.

"Mama yuko wapi?" senge aliuliza.

"Hayuko."

Akatueleza polepole, bila machozi. Ilikuwa saa nane mchana. Alikuwa amewapeleka watoto kwenye kinu cha kusaga mahindi. Vijana waliokuja walikuwa wa upande wake mwenyewe, lakini wametoka juu mlimani, mbali, na hawakumjua mtu yeyote pale. Walikuwa wameambiwa jambo moja tu la kuwaongoza: nyumba yenye ukanda chini ya dirisha ni ya Mbukusu. Hawakubisha hodi, walitia moto. Kama mama angeweza kuita, hata neno moja la Kisabaot, wangejua ni bibi wa kwao. Hakuweza kuita.

"Mmoja alirudi kwangu analia," Chemutai alisema. "Ati, mama, si tuliona ukanda. Si tuliona tu ukanda."

Senge alikuwa bado ameshika kikombe cha uji. Alikiweka chini, mbele ya mtoto mdogo. Nilidhani Chemutai atampiga. Nilitaka ampige, ili jambo hilo lipate mwisho. Alimtazama tu, kisha akaanza kumlisha mtoto.

Jioni ile senge alichanganya tope na majivu akafuta kuta zetu zote, nje na ndani. Alipofika kwenye ukanda, alipaka mara tatu, kwa sababu rangi ya betri hupenya. Hakulia wala hakuimba. Nilimsaidia. Ndiyo siku ya kwanza kumsaidia, nami nilikuwa nikizika kazi yake. Kabla ya Pasaka tulihama. Mimi nilirudi kwa baba, naye akapanga chumba cha saruji huko Kanduyi, karibu na kwetu Bungoma, kuta za kijivu, dari ya kijivu, na pazia la gunia lisilo na uzi hata mmoja wa rangi. Alivaa kitambaa cha kichwa cheusi. Watu walidhani ni mjane, naye hakuwasahihisha hao pia.

Miaka ilipita hivyo. Nilisoma, nikawa mwalimu Bungoma, na kila Jumapili nilikwenda kumwona. Ilipofika miaka ya tohara, wanawake walibisha mlango wake kumwomba, akawaambia mikono inauma. Niliwahi kumletea kanga yenye maua makubwa mekundu. Alishukuru, akaikunja, akaiweka chini ya godoro. Nilimgombeza siku hiyo, Mungu anisamehe, nikamwambia kwamba si yeye aliyewasha kiberiti.

"Najua," alisema. "Lakini wangeona ukuta mtupu, wangepita."

Nilichukua ndoo, nikaenda kumtekea maji.

Agosti ya tisini na nane nilimkuta ameketi mlangoni na mikebe mitatu ya maziwa ya unga miguuni mwake. Alikuwa amefuata udongo mweupe mtoni, yeye mwenyewe, na magoti yake yale yanayomuuma. Mkebe wa pili ulikuwa na rangi nyekundu, wa tatu nyeusi.

"Nipeleke Saboti," alisema. "Kwa Chemutai. Nataka kumpakia. Hata ukuta moja, hata ya jikoni. Akikubali mkono yangu iguse nyumba yake, nitajua amenisamehe kweli, na mimi nitaweza kufa vizuri."

Tulikwenda Jumamosi. Niliibeba mikebe ndani ya kikapu. Chemutai alikuwa amejenga mahali pale pale, nyumba ndogo ya udongo na mabati, na aliposikia sauti ya senge alitoka na mikono yenye unga, akamkumbatia. Nywele za Chemutai zilikuwa nyeupe. Alituingiza, akapika chai ya maziwa mengi, akatuonyesha watoto wake waliokuwa wamekua, mmoja karibu kuoa na mmoja yuko darasa la tano. Aliuliza habari za Kanduyi. Aliuliza magoti yalianza lini kuuma.

Senge hakuweza kungoja chai iishe. Aliitoa mikebe kikapuni, akaipanga juu ya meza, akaifungua. Nilikuwa nimesahau jinsi rangi zile zilivyo pamoja. Chumba chote kilikuwa cha udongo mtupu, ukuta kwa ukuta, na zile rangi tatu pale mezani zilifanya mtu atake kuzigusa.

"Chemutai," alisema, "nipe ukuta moja."

Chemutai alizitazama rangi. Alichovya ncha ya kidole kwenye nyeupe, akaisugua kati ya vidole viwili, na kwa muda nilifikiri amekubali, maana uso wake ulilainika. Kisha akafuta kidole kwenye aproni yake.

"Dada," alisema, "mimi nilikusamehe kitambo. Hata siku ile kwa kanisa, sikukuwa na hasira na wewe. Mimi ndiye nilikuomba."

"Basi nipe ukuta."

"Hapana."

Hapo nilishindwa kujizuia. Nilisema vita vimeisha, kwamba sasa watu wanauziana mahindi na kuoana, kwamba senge amebeba udongo ule kutoka Bungoma na magoti mabovu. Nilisema kwa sauti ya darasani. Senge alinishika mkono ninyamaze.

Chemutai hakukasirika. Alitazama dirishani, ambako nyumba za majirani zilionekana zimepanda kilima, za watu wao na za watu wetu, zote zimekandikwa tope moja lisilo na alama yoyote.

"Imeisha, mwalimu," alisema. "Mimi najua imeisha. Lakini watoto wangu wanalala humu."

Senge alifunika mikebe yake, mmoja mmoja, akashukuru kwa chai.