Vichwa vya Risasi Kwenye Beseni la Ukwaju

Kisa chote kiligharimu bonge moja la ukwaju, viganja viwili vya chumvi na likizo ya baba yangu. Ukwaju na chumvi nilivichukua jikoni kwa mama. Likizo haikuwa yangu kuitoa. Hadi leo nikivuruga ukwaju kwenye maji ya moto, mvuke wake mchachu ukinipanda puani, vidole vyangu hutaka kujificha.

Tulikaa vyumba vya uani, Al Wukair, nje kidogo ya Doha, kwa kafili, tajiri mdhamini aliyemwajiri baba udereva na mama upishi. Nilikuwa na miaka kumi. Kafili alipenda kulenga shabaha, na risasi zake alizijaza mwenyewe kama mama anavyojaza sambusa: ganda, baruti ndani, kichwa juu. Mwaka ule mvua ilinyesha siku mbili, na kwa Doha hiyo ni gharika. Paa la stoo likavuja, boksi la vichwa likalowa, na tulipolifungua tukakuta vimeota kutu ya kijani.

"Hivi vitupu, havina baruti," baba aliniambia. "Vifute kwa kitambaa kikavu. Usitie kitu, Salma. Kitambaa tu."

"Nikimaliza napata nini?"

"Shawarma."

"Mbili."

"Wewe ulizaliwa sokoni Darajani?" Tukaafikiana moja na juisi.

Nilivihesabu mara mbili: mia nne na kumi na mbili. Nilipofika cha thelathini kidole gumba kiligoma. Baba alikuwa ameitwa kumpeleka kafili kwenye swala ya Ijumaa. Nikawaza: mdila wa mama, birika lake la shaba la kahawa, husuguliwa kwa ukwaju na chumvi, ukang'aa kama bi harusi. Shaba ni shaba. Nikavitumbukiza vyote kwenye beseni, nikaenda kutazama katuni.

Vilitoka vyekundu, vizuri mno. Baba aliporudi alivitazama kimoja kimoja. Kafili akaja na mzani wake mdogo, akapima kimoja, akapima cha pili, akapima tena. Ukwaju ulikuwa umeila ile ngozi nyembamba ya shaba iliyofunika vichwa, kila kichwa na uzito wake. Risasi za namna hiyo haziendi unakozielekeza.

"Nani kafanya?"

"Mimi, arbab," baba akasema.

Mimi niliyebishania kila kitu, hata idadi ya tende kwenye sahani, nikaficha mikono mgongoni.

Tulipotoka baba alinishika mkono kunivusha barabara. Katikati akauinua mkono wangu, akaunusa, akaushusha. Akaninunulia shawarma mbili. Nilidhani nimepona, nikazila zote mbili.

Kesho yake kafili aliifuta likizo. Baba alikuwa aende Unguja kumwona bibi, mama yake, aliyekuwa mgonjwa kitandani. Kanga za kumpelekea zilikuwa zimeshakunjwa sandukuni. Bibi alizikwa baba akiwa Al Wukair, akiosha gari.

Ilinichukua miaka kuelewa kwa nini mtu anuse mkono wa mwanawe kisha asiulize. Sasa amezeeka, yuko kwao, na wageni wakija huwasimulia alivyoharibu risasi za tajiri kwa ujinga wake mwenyewe. Watu hucheka. Mimi huwa nimekaa palepale, na hata siku moja hajanitupia jicho.

Nyinyi mnaonisoma, nishaurini. Nikikiri mbele yake, nitakuwa natua mzigo wangu, au namnyang'anya kitu alichonipa? Na kama ni kukiri, nianze na neno gani?