Omena za Sajini

Sisi tuliokulia Kaloleni enzi zile, paka tulimjua kwa kazi moja tu: panya. Daktari wa paka? Ungechekwa mtaa mzima!

Wetu tulimwita Sajini kwa ajili ya masharubu yake. Alilala miguuni petu, mimi na kaka yangu Mutua, na ile baridi ya Julai hatukuisikia. Kisha akaanza kujikuna. Alijikuna shingo mpaka manyoya yakatoka, ngozi ikabaki vidonda vitupu. "Akiwaambukiza upele, atatoka hapa kwa gunia!" mama alisema, na mama hakuwa mtu wa kutisha bure.

Basi tukahangaika kumponya. Tulimwosha kwa sabuni ya kipande pale bombani, akatukwaruza vibaya. Tukampaka majivu. Na kwa kumhurumia, tukamwongezea chakula alichokipenda kuliko vyote, omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Mama akikaanga, tulificha zetu mfukoni, kaptula na sketi za shule zikanuka wiki nzima. Masikini, alizidi kujikuna tu. Jumamosi moja mama akamtia guniani, akaenda kumwacha sokoni. Mutua alilia mpaka akakataa mkate, na huyo hakuwa mtoto wa kukataa mkate.

Mwaka huu paka wa binti yangu, hapa Komarock, alianza vivyo hivyo. Nikataja majivu. "Mathe, wacha hizo! Tunampeleka kwa dakta," akasema binti, ambaye kuosha kikombe tu mpaka agombezwe.

Daktari wa mifugo alitafuta viroboto, hakuona. Akauliza paka anakula nini. Omena, nikajibu kwa fahari.

"Mama, hebu mwachishe samaki kabisa tuone. Kuna paka ambao miili yao hukataa samaki, wakaanza kujikuna."

Tulimlisha nyama ya sungura tu, kama alivyoagiza. Baada ya wiki kadhaa kujikuna kukaisha, manyoya yakaota.

Nilimpigia Mutua simu, yuko Kayole, sasa ni babu mwenye wajukuu. Nikamweleza yote.

"Kwa hivyo Sajini angepona," akasema.

"Huenda."

"Na mimi ndiye nilikuwa nampa nyingi."

Roho iliniuma. Tunawacheka sana watoto wa leo, eti paka ana kitanda, ana daktari, anapigwa picha kama bibi harusi. Lakini wao paka wao wanaye, amelala kochini. Wetu tulimpenda kwa mikono yote miwili, na kupenda kwetu ndiko kulikompeleka guniani.