Darasa la Mahindi

Mpaka leo sipukuchui mahindi. Nipe kupika, nipe kuosha vyombo, nitume hata kisimani na magoti yangu haya, lakini ungo na magunzi akae navyo mtu mwingine. Wajukuu wangu wanasema bibi ni mvivu. Waache waseme, sijawahi kuwaeleza.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa nafundisha Kiingereza darasa la saba huko Endabash, wakati Karatu yote bado ni sehemu ya wilaya ya Mbulu. Watoto wangu walikuwa Wairaqw kama mimi. Nyumbani waliongea Kiiraqw, shuleni Kiswahili, na Kiingereza walikionja vipindi vichache kwa wiki kama dawa chungu. Halafu mtihani ukija unawataka wageuze sentensi: hii uianze na neno hili, ile uiandike upya na maana isibadilike. Kukariri hakusaidii hapo. Niliona watoto wenye akili nzuri wakikaa mbele ya swali la namna hiyo mpaka machozi yanawatoka.

Nikaamua kuwafundisha jioni nyumbani kwangu, bure kabisa. Walionikwamisha ni akina mama. Ulikuwa msimu wa mavuno, na hakuna mama atakayemruhusu mtoto akakae kwa mwalimu kugeuza sentensi huku mahindi yamejaa uani. Waliniambia hivyo usoni. Basi nikasema, waje nayo hayo mahindi.

Kila mtoto akaanza kuja na debe au gunia la kwao. Walikaa kuzunguka turubai langu, kila mmoja na rundo lake, vidole vinapukuchua na mimi natoa sentensi. "She is so tired that she cannot walk," nasema, yaani amechoka mno hata hawezi kutembea, kisha namrushia mmoja gunzi. Aliyelidaka anageuza: "She is too tired to walk!" Akikosa, anamrushia mwenzake. Sheria ilikuwa moja tu, vidole visisimame. Hapo nikajifunza jambo ambalo chuoni hawakunifundisha, kwamba mtoto mwenye kazi mkononi hapati nafasi ya kuogopa. Wale waliokuwa wakitetemeka ubaoni walinijibu bila hata kuinua macho. Jumamosi wazazi walikuja kuchukua mahindi yao yakiwa yamepukuchuliwa na kupepetwa, wakaniachia boga au chupa ya maziwa, nami nikajiona mwerevu kuliko ofisi nzima ya elimu.

Kati ya watoto wale kumi na mmoja alikuwapo binti wa jirani yangu, wa miaka kumi na minne. Huyo aligeuza sentensi kabla sijamaliza kuitamka. Siku moja ng'ombe aliingia kwenye maharage yangu nyuma ya nyumba. Mimi nikaruka nikipiga makelele kwa Kiiraqw, na yeye akabaki ameketi, anapukuchua, akasema taratibu: "The teacher's beans are being eaten by a cow," yaani maharage ya mwalimu yanaliwa na ng'ombe. Tulicheka mpaka ng'ombe akashiba. Niseme wazi, nilimpenda kuliko wenzake, ingawa mwalimu hapaswi. Tangu nifike shuleni pale hakuna msichana hata mmoja aliyechaguliwa kwenda sekondari. Nilitaka wa kwanza awe yeye, na nililitaka jambo hilo kama mtu anavyotaka la mwanawe.

Mama yake alikuwa rafiki yangu. Tulikula chungu kimoja. Malaria iliponilaza wiki nzima, ni yeye aliyeninywesha uji kwa kijiko na kunifulia. Kwa hiyo aliponiambia, "Mwalimu, ya kwangu yaache hapahapa kwako, kule kwangu panya wamehamia kama wapangaji," nilicheka nikamfungulia chumba cha pili. Wazazi wengine walichukua yao kila Jumamosi, ya kwake yakabaki. Gunia moja likawa mawili. Nilipokuja kuangalia vizuri yalikuwa sita, na hata hapo niliwaza tu kwamba mwenzangu amevuna.

Mwaka ule ulikuwa wa msako wa walanguzi. Mahindi yalitakiwa yauzwe kwenye ghala la kijiji na si kwingine. Aliyemwekea akiba mfanyabiashara wa mjini mwenye lori aliitwa adui wa nchi. Mgambo walipita nyumba kwa nyumba. Kwangu walifika mwisho, wakabisha hodi kwa aibu. "Samahani mwalimu, ni utaratibu tu." Nikawapa chai. Chumba nikawafungulia mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu.

Kesho yake kijiji kiliitisha kikao shuleni, ndani ya darasa langu, sentensi zangu za asubuhi zikiwa bado ubaoni. Mwenyekiti wa kijiji aliniuliza magunia sita ni ya nani. Nilijibu bila wasiwasi wowote.

"Ni ya mama huyu hapa. Watoto wanapukuchua kwangu huku wanasoma. Kila mtu anajua."

Rafiki yangu akasimama, akafunga kanga yake vizuri. "Mimi yangu nilishapeleka ghalani, karani anajua. Hayo siyajui."

Nilidhani hakusikia swali. Kweli kabisa, nilimgeukia nikataka kumrudishia swali polepole. Hakunitazama. Niliwageukia wazazi wengine, na wote walikuwa wanaangalia sakafu, kwa sababu siku zile karibu kila nyumba ilikuwa na debe lake la siri, na anayefungua mdomo angeulizwa la kwake. Mwenyekiti akasema basi aitwe mtoto, maana watoto ndio waliokuwa kwangu kila jioni. Akamwita binti wa rafiki yangu.

Nikashusha pumzi. Nilijiambia, sasa yamekwisha.

"Mwanangu, usiogope," mwenyekiti akamwambia. "Yale mahindi ni ya nani?"

"Ni ya mwalimu. Tulikuwa tunampukuchulia, ndipo anatufundisha."

Alisema hivyo wima, mikono nyuma, bila kubabaika, kama nilivyomfundisha kusimama anapojibu. Mimi nimesikiliza majibu ya watoto maisha yangu yote. Najua linalotoka kichwani saa ileile na najua lililofanyiwa mazoezi nyumbani. Lile lilikuwa limefanyiwa mazoezi. Niliumia, sina neno jingine la kusema. Watu wazima mia wangenisingizia ningewajibu mmoja mmoja, na mdomo ninao, lakini na mtoto yule nisingeweza kubishana. Nilikaa kwenye dawati, dogo lile la wanafunzi, magoti yakanigonga kidevu.

Mwalimu mkuu aliniombea msamaha, vinginevyo ningepelekwa polisi kwa kuficha mahindi na kutumikisha wanafunzi. Nikapewa barua ya uhamisho kwenda Arash, kule Loliondo kwa wafugaji, niondoke ndani ya wiki. Mtihani ulikuwa umebaki mwezi mmoja. "Mshukuru Mungu," mwalimu mkuu aliniambia, na kwa kweli nilikuwa karibu kumtukana.

Siku zile nilizobakiza nilielewa habari ya panya. Nani angepekua nyumba ya mwalimu? Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema, na mimi niliyekuwa nikiwafundisha watoto methali hiyo na maana yake sikuiona ikinitembelea shingoni. Linaloniuma zaidi ni kutojua siku yenyewe aliyoanza kunipangia. Gunia la kwanza lilikuja kwa ajili ya masomo, hilo naamini. Na ule uji wa malaria? Nimeupima uji ule miaka yote hii, na siwezi kusema kama ulikuwa uji tu au alikuwa ameanza kukitazama kile chumba cha pili.

Niliondoka juu ya lori, nimeketi kwenye magunia ya unga. Akina mama wawili watatu walikuja kuniaga, wakaniambia pole kwa sauti ya chini. Yeye hakuja. Tulipopandisha ukingo wa kreta ya Ngorongoro ukungu ulikuwa mzito na baridi inauma masikio, na nililia pale kwa kuwa hakuna aliyeweza kuniona.

Arash nilifundisha saa za kazi tu. Kengele ya mwisho ikilia, nafunga mlango. Mama mmoja wa Kimasai alinijia jioni na kibuyu cha maziwa, akamsukuma mwanawe mbele yangu, akaongea Kimaa kwa muda mrefu. Nilimjibu kwa Kiswahili kwamba simwelewi, amlete mtoto asubuhi. Nilimwelewa vizuri sana. Akachukua kibuyu chake na mtoto wake wakaenda zao.

Mwaka uliofuata nikapata barua. Binti alikuwa amechaguliwa, msichana wa kwanza wa shule ile kwenda sekondari tangu nianze kufundisha pale, na aliniandikia akiwa bwenini. Barua ilikuwa ya Kiingereza kitupu, kurasa mbili. Aliniambia habari za uji wa asubuhi, za vitanda vya ghorofa, za kuwa wa kwanza darasani katika Kiingereza. Aliandika kwamba yote anayoyajua katika lugha ile amefundishwa na mimi. Mama anasalimu. Nilisoma nikitafuta neno moja kuhusu mahindi. Nikageuza karatasi, nikatazama nyuma, nikatazama hata ndani ya bahasha. Halikuwapo.

Basi nikachukua kalamu nyekundu. Nilipita kila mstari nikitafuta kosa, na nilikuwa na njaa ya kosa, hata la nukta. Sikupata. Mwishoni mwa ukurasa wa pili niliandika kumi juu ya kumi, nikatia sahihi yangu kama nilivyokuwa nikitia kwenye madaftari yao, nikaiweka barua ileile kwenye bahasha mpya ili nimrudishie. Sikuongeza hata salamu.

Alikuwa na miaka kumi na mitano. Nilijua jibu la kikaoni hakulitunga yeye, na nilijua mtoto hawezi kumkana mama yake mbele ya kijiji kizima. Nilijua yote hayo wakati nalamba gundi ya bahasha. Nikaifunga, nikampa dereva wa lori akaiposti mjini. Hakuniandikia tena.