Lenzi Aliyomchagulia Wifi Yake

Watu walimwita Bi Usicheke. Si kwamba alikuwa mkali. Jina alipewa na kazi yake. Kwa miaka kumi na tisa alipiga picha za vitambulisho na pasipoti katika chumba kimoja kando ya ofisi ya vibali, na kila aliyeketi kwenye kigoda mbele ya shuka jeupe aliambiwa maneno yaleyale: "Kidevu juu kidogo. Masikio yaonekane. Usicheke." Wengine wakikutana naye sokoni walikaza nyuso makusudi, naye akacheka mpaka akashika ubavu.

Kamera yake ilipoanza kugoma, mdogo wake wa kiume, dereva wa malori ya masafa marefu, alirudi safari na begi lenye kamera mbili. Alizinunua kwenye studio iliyokuwa inafungwa. Kamera zenyewe zilifanana kama mapacha, ila lenzi zilikuwa mbalimbali. Zote ni zile lenzi za kuanzia, zinazokuja na kamera ndani ya boksi, za kuvuta kutoka milimita kumi na nane mpaka hamsini na tano. Moja nzito, ina pete pana ya mpira. Nyingine nyepesi, pete yake ya plastiki.

"Moja yako, moja ya wifi yako," alisema yule dereva. "Mimi hata kuziwasha sijui. Mtaalamu ni wewe, dada. Zipime, kila mmoja apate inayomfaa."

Wifi alikuwa fundi cherehani. Alishona magauni ya sherehe na kuyadarizi kwa mkono, na siku hizi wateja hawakuja dukani kabla ya kuona picha kwenye simu. Kesho yake asubuhi alifika studio na chupa ya chai, akaketi kwenye kigoda cha wateja kama mtoto anayesubiri zawadi.

Bi Usicheke alibandika ukurasa wa gazeti ukutani, akaukaza pembe zote nne. Akaiweka kamera kwenye stendi, akapiga kwa lenzi nzito: mara ya kwanza bila kuivuta, mara ya pili katikati, mara ya tatu imevutwa mpaka mwisho. Akafunga ile nyepesi, akarudia vilevile. Kisha akakuza picha kwenye kioo cha kamera, akazitazama moja moja.

Katikati ya picha hakukuwa na tofauti. Tofauti ilikuwa pembeni. Kwa lenzi nzito, herufi za gazeti zilisomeka mpaka ukingoni. Kwa ile nyepesi, upande wote wa kushoto ulikuwa umevurugika kana kwamba mtu ameupitishia kitambaa kibichi. Alifuta kioo cha lenzi, akapiga tena. Ilikuwa hivyohivyo.

Hapo hakuhitaji mtu wa kumweleza. Yeye kazi yake ni uso wa mtu katikati. Pembeni ni shuka tupu. Wifi ndiye aliyehitaji pembe za picha, maana gauni linaanza begani na kuishia kwenye upindo, na udarizi wake wote uko huko kwenye kingo. Hata asiyejua kamera angegawa bila kusita.

Lakini ile nzito ilikuwa imemkaa mkononi. Miaka yote alikuwa akitumia vitu vilivyochakazwa na wengine, na kwa mara moja tu alitaka kuwa na kizuri, hata kama hakina kazi kwake.

"Haya wifi, lete majibu," alisema fundi cherehani. "Mimi naona magazeti tu hapo."

Bi Usicheke akajisikia akisema, "Hii nyepesi ndiyo yako. Haitakuchosha mkono. Hii nyingine nzito, itakusumbua bure."

"Na kwa picha, zinalingana?"

"Zinalingana kabisa."

Wifi akamkumbatia. "Ndiyo maana nakupenda. Wifi wa watu angejibebea ile nzuri, mimi akanisukumia makapi."

Wiki hiyohiyo alimletea blauzi aliyomshonea kama shukrani, imedariziwa majani madogo kwenye kola. Bi Usicheke aliivaa mara moja. Kutwa nzima kola ilimwasha shingoni, na jioni aliikunja akaisukuma chini kabisa ya kabati.

Malalamiko hayakuchelewa. Mteja mmoja alimwambia wifi kwamba upindo wa gauni kwenye picha unaonekana umefutika. Mwingine alidhani kitambaa kina doa. Wifi akaja kuuliza anakosea wapi. Bi Usicheke, macho yakiwa kwenye mkasi, alimjibu, "Tuliza mkono." Akaja tena, akaambiwa asogee kwenye mwanga. Kila alipoondoka, Bi Usicheke alibaki amesimama palepale, uso unamchoma kama aliyezabwa kofi.

Baada ya miezi miwili, wifi aliingia studio wakati mteja yuko kwenye kigoda. Mteja huyo alikuwa mwalimu mstaafu, ameshainua kidevu kama alivyoagizwa. Wifi alikuwa mnyonge.

"Shikamoo wifi. Nimetoka kupima macho. Wanasema yako salama."

"Marahaba. Si ndiyo vizuri?"

"Basi ni mkono. Sindano miaka yote hii, nadhani mishipa imechoka. Natetemeka bila kujua, ndiyo maana picha haikai. Jana wameniletea gauni la kudarizi, nimelikataa. Bora niache mwenyewe kabla sijaharibu nguo ya mtu."

Bi Usicheke aliiweka kamera mezani.

"Mkono wako hauna kitu."

"Unanifariji tu."

"Sikufariji. Ni lenzi. Upande wa kushoto ni mbovu."

"Imeharibika? Mbona sijawahi kuiangusha?"

"Ilikuwa hivyo tangu siku ile ya gazeti. Niliiona."

Yule mwalimu alishusha kidevu polepole. Akakohoa, akasema atarudi kesho, akatoka akinyata.

Wifi hakupaza sauti. "Uliiona, ukanipa?"

"Nilikupa."

"Na hiyo nyingine, wewe ulikuwa na shida nayo gani?"

"Sikuwa na shida nayo. Nilitaka tu kuwa nayo."

"Kwa sura za vitambulisho?"

"Kwa sura za vitambulisho."

Aliifungua lenzi nzito kutoka kwenye kamera, akamkabidhi kwa mikono miwili. Wifi akaichukua, akaitoa ile nyepesi mkobani, akaiacha mezani bila kuibamiza. Mlangoni aligeuka. "Wanangu nimeshawaambia mkono wangu ni mgonjwa. Yule mdogo alikuwa ananikanda kila jioni." Akaondoka.

Jumapili moja baadaye familia ilikula pamoja kwa yule dereva. Katikati ya chakula akasema kwa furaha, "Jamani, picha za mke wangu siku hizi zimetulia! Dada, umemfundisha nini?"

Wifi aliinamia sahani yake. Ilikuwa wazi kwamba hakumweleza mumewe, na kwamba Bi Usicheke angeweza kutabasamu tu mambo yakaisha.

"Sijamfundisha kitu," alisema. "Nilimpa lenzi mbovu kwa kujua, nikachukua nzima."

Mdogo wake alicheka, akidhani ni utani wa mawifi. Alipoona hakuna anayecheka naye, kicheko kikakatika. "Dada," alisema, kisha asimalizie. Akainuka kwenda kunawa, na sahani yake ilikuwa bado nusu.

Hakuna aliyemfukuza, wala aliyemsema. Wifi alirudia kudarizi, na magauni yake yakaonekana mpaka uzi wa mwisho wa upindo. Ile lenzi nyepesi ilipiga sura za watu vizuri tu, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Hilo nalo lilimuumiza, maana kila picha ilimwonyesha kwamba hakuwa amehitaji kumdhulumu mtu.

Wifi aliendelea kumwamkia na kupita studio, ila utani uliisha. Siku moja alipita na boksi jipya kwapani. Amenunua lenzi ya pili, ya kuvuta mbali zaidi.

"Ulichaguaje?" Bi Usicheke aliuliza.

"Nilimuuliza yule kijana wa duka la simu."

Kijana huyo kamera aliijua kwa kuiona dirishani tu. Zamani Bi Usicheke angemkejeli mpaka mtaa mzima usikie. Safari hii alilitazama boksi, akaona ni lenzi ya kawaida, si mbaya.

"Ni nzuri," alisema, akarudi ndani kumalizia kukata picha za watu.