Mdomo wa Heroe Mkubwa

Baba Mkubwa anajaza ndege pamba kwenye jumba la makumbusho. Ndege waliokufa, bila shaka. Ujana wake wote umeishia kuwafanya waonekane wana shughuli. Baba Mdogo anafanya kazi hiyohiyo, chumba hichohicho, meza ya pili, na hawajasemeshana tangu babu afariki akaacha kitanda. Si kwamba walikigombania. Kila mmoja alisisitiza mwenzake akichukue, wakavunjiana heshima, kitanda kikaliwa na mchwa.

Mimi nafuta vioo vya makabati humo, kwa hiyo nikawa mjumbe.

"Mwambie mdogo wangu anipe gundi," anasema Baba Mkubwa. Mdogo wake yuko hapo hapo, gundi mkononi.

"Baba Mdogo, gundi."

"Mwambie nimesikia."

Mwaka huu mkuu wa makumbusho aliagiza heroe wawili, wale ndege wa waridi wa ziwani wenye miguu mirefu, wakae kabati moja, watu waone tofauti. Baba Mkubwa akapewa heroe mkubwa, Baba Mdogo akapewa heroe mdogo, ofisi nzima ikacheka isipokuwa wao. Tofauti yenyewe si ngumu. Mkubwa ni mrefu, amepauka, na mdomo wake ni wa waridi wenye ncha nyeusi. Huuzamisha hadi kwenye tope kutafuta vijidudu. Mdogo ni mfupi, amekolea rangi, na mdomo wake ni mwekundu wa giza mwanzo hadi mwisho. Yeye huchuja mwani wa juu juu tu. Ndege akishakauka mdomo hupoteza rangi, kwa hiyo fundi huupaka upya.

Siku ya kuwaingiza kabatini tuliwasogeza pamoja. Wote wawili walikuwa na mdomo mwekundu wa giza.

Baba Mkubwa si mtu wa utani. Alisimama pembeni akifuta brashi, akingoja kusifiwa. Baba Mdogo aliutazama ule mdomo, akamtazama kaka yake, akaniita. Niliogopa. Mkuu alikuwa mlangoni, angesikia kila neno, na fundi asiyeona rangi hana kazi.

"Mwambie..." alianza Baba Mdogo. Kisha akanipita, akaenda kusimama karibu kabisa na kaka yake, akashusha sauti.

"Kaka, macho yameanza kukusumbua lini?"

Baba Mkubwa aliendelea kufuta brashi iliyokwisha kutakata.

"Mwaka jana. Nilitaka kukuambia. Lakini hili si la kumtuma mtu."

Baba Mdogo akamgeukia mkuu, akamwambia hiyo ni rangi ya chini tu. Ya juu watapaka kesho, wao wawili.