Neti Iliyokuwa Bado Mbichi

Mapalo wa mtaa wa Annexe hakuwa mwanamke wa kujipamba. Lakini mumewe Chola, mchimbaji kwenye migodi ya Kambove, siku hizi akirudi nyumbani alikuwa analala kaugeukia ukuta, na mke gani asiyejua maana yake? Basi aliposikia Chola anakuja Jumamosi, alikwenda mtaa wa Bel-Air kwa Bijou, muuza nguo za ndani, kutafuta cha kumgeuza.

Bijou hauzi ovyo, jamani. Zile sidiria na chupi za neti zinazoonyesha mwili wote alizivuta moja moja juu ya ngumi yake. Neti iliyolegea isirudi mahali pake aliitupa pembeni. Akageuza mishono, akampitishia Mapalo shingoni asikie kama inawasha.

"Kamata hii nyeusi," akamwambia. "Lakini mbele ya kuvaa, ufule kwanza. Dawa ya kiwanda inawashaka. Maji baridi, sabuni kidogo, usikamue. Na uanike ndani, jua litaikula."

Hilo la kuanika ndani, hata asingemwambia! Nani mjini hapa anaanika chupi uani, wapangaji waikodolee macho, mwingine aibebe kwa mchawi? Jumamosi asubuhi Mapalo akafua taratibu, akaitandaza kwenye kamba chumbani, akaifunika kitenge. Kisha akaenda sokoni kununua samaki wa mumewe, moyo umemjaa furaha.

Kumbe mama mkwe, Mama Bwalya, aliyekuwa akiishi nao, alikuwa na mikono isiyotulia. Mapalo aliporudi alimkuta Chola keshafika, ameketi, na Mama Bwalya amesimama mbele yake kaishika ile neti.

"Gusa, mwana wangu," mama huyo alikuwa akisema. "Iko mbichi. Nguo mupya inafuliwaka? Jana muke wako alimuvalia nani?"

Mapalo akapiga magoti na samaki wake mkononi. "Mama, haki ya Mungu, ni mupya. Bijou ndiye aliniambia nifule kwanza. Nilikuwa namungojea bwana yangu."

"Bijou gani?" Chola akasema, wala hakumtazama. "Nguo mupya inatoka dukani, inavaliwa. Wewe umefula ili ufiche mambo yako."

Hapo Mapalo akasimama.

"Chola, kila unapotoka Kambove, ni mimi nafulaka manguo yako. Siku gani nilikuuliza nani alikuvua?"

Chola akachukua begi lake, ambalo hata halijafunguliwa, akatoka zake bila kuaga.

"Yoo! Mumeona? Amemufukuza mwana wangu!" Mama Bwalya akapiga kelele uani, wapangaji wakatoka kusikiliza.

Na mtaa mzima ulimsadiki yeye.