Misalaba kwenye Tarehe Nyekundu

Kazi yangu ni ngumu kuieleza jikoni kwa mama, na nimejaribu mara nyingi. Nachunguza milango. Kila seli ya ubongo imezungukwa na utando, na kwenye utando huo kuna vitundu vidogo mno vinavyofunguka na kufungwa ili chumvi ya mwilini ipite. Katika kufunguka na kufungwa huko ndimo tunamofikiri, tunamocheka na kukumbuka tulikoweka ufunguo. Milango hiyo ikiharibika, mtu anaweza kupata kifafa. Siku ya kwanza nilipomweleza mama alinisikiliza mpaka mwisho, akageuza ugali wake wa ulezi, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo miaka yote hiyo ya shule umesomea ubawabu?"

Tangu siku hiyo kaka yangu akinipigia simu huanza na "Habari za getini?"

Nami kazi ya getini naipenda, sifichi. Pale maabara, Dar es Salaam, nachukua kijibomba cha kioo, nakipasha moto na kukivuta mpaka ncha yake iwe nyembamba kuliko unywele, kisha naigusisha kwenye seli moja tu, taratibu, huku nimebana pumzi. Kwenye skrini mstari unaruka. Mlango umefunguka. Nimeona mstari huo ukiruka mara zisizo na hesabu na bado hufurahi kama mtu aliyepigiwa hodi. Kuna dawa moja ya kifafa niliyoijua kuliko watu wengi, kwa sababu kazi yake ni kuifunga milango hiyo hiyo niliyoichunguza. Nikiidondosha kwenye kisahani changu, fujo yote hutulia. Haikuwahi kuniangusha.

Kaka yangu na mkewe wanaishi na mama Kizwite, Sumbawanga, kwenye nyumba yetu ya zamani yenye shamba dogo la mahindi nyuma. Binti yao alianza degedege kabla hajatimiza mwaka. Likaja moja, likaja jingine, na baadaye hospitali wakampa dawa. Wifi aliponisomea jina lake kwenye simu, nilicheka kwa furaha. Ilikuwa dawa yangu. "Hiyo naijua vizuri," nikamwambia. "Mtanishukuru."

Mtoto akazidi kuanguka.

Nilimwagiza wifi awe anaweka alama kwenye kalenda kila mtoto anapoanguka, maana watu wa kazi yangu hatuamini kitu kisichoandikwa. Yeye alitumia kalenda ya parokia iliyokuwa ukutani sebuleni, ile yenye karatasi moja kwa kila mwezi, ambayo Jumapili na sikukuu zake huchapwa kwa rangi nyekundu. Alichora msalaba mdogo kwa kalamu ya bluu. Nilipofika likizo mwezi wa saba, baridi ya Ufipa ikiwa imenikaribisha tangu stendi, jambo la kwanza nililofanya ni kusimama mbele ya kalenda ile na koti langu mwilini. Misalaba ilikuwa mingi. Ipo michache iliyokaa kwenye tarehe nyeusi, siku ambazo mtoto alikuwa na homa. Mingine yote ilikaa kwenye nyekundu. Jumapili, Jumapili, Jumapili. Hata Krismasi, kwenye kalenda ya mwaka uliotangulia iliyokuwa bado imetundikwa nyuma ya hii, iliangukia katikati ya wiki na ilikuwa na msalaba wake.

Majirani walikuwa wamekwisha kulitolea jambo hilo uamuzi: mtoto ana kitu kisichopenda kanisa. Wengine waliacha kumpakata, wakiogopa povu. Mama, ambaye hajakosa misa ya kwanza tangu nikiwa mdogo, alijitahidi kuwa katikati. "Mimi sisemi ni shetani," aliniambia. "Nasema tu kwamba hicho kitu kinajua siku."

Nilimcheka. Halafu nikafanya kosa baya kuliko lao wote, tena nikalifanya kisomi. Nilijiambia kwamba dawa yangu haishindwi. Kama mtoto anaanguka Jumapili asubuhi, basi Jumamosi jioni hajapewa. Na Jumamosi jioni kuna nini? Kuna mazoezi ya kwaya, na wifi yangu ni sauti ya kwanza. Nilimfuata uani alikokuwa akianua nguo nikamweleza hesabu yangu, pole pole, kama anavyoelezwa mwanafunzi mzito. Nikamalizia kwa kusema kwamba nyimbo zinaweza kusubiri ila ubongo wa mtoto hausubiri.

Alishika nguo zake kifuani. "Wifi, dawa hii sijaiacha hata siku moja."

"Kalenda inasema vingine," nikamjibu.

Jumamosi hiyo hakwenda kwaya. Alimpa mtoto dawa mbele yangu, akanionyesha kijiko kitupu, akaenda kukaa jikoni peke yake. Mimi nililala nikiwa nimeridhika kabisa, na ninaliandika hilo ili nisije nikajisahau.

Asubuhi mama alimwogesha mjukuu kwa ajili ya misa. Kwetu, miezi ya baridi na ya mvua, mtoto mdogo siku za wiki hufutwa uso na kunawishwa miguu, basi. Kuoga mwili mzima ni kwa siku ya kanisa, na maji yake ni moto hasa, yanayotoa mvuke, kwani hakuna bibi wa Ufipa atakayekubali kusikia kwamba mjukuu wake alipigwa na baridi mikononi mwake. Mama alikuwa ameweka beseni karibu na jiko la mkaa na kufunga mlango. Alimkalisha mtoto, akamwagia maji mgongoni kwa kopo, mara mbili, mara tatu, ngozi ikaanza kuiva. Mtoto alikuwa anacheka. Kisha macho yakaenda pembeni na mkono wa kushoto ukaanza kurukaruka.

Tulimtoa, tukamlaza ubavu, nikatazama saa. Wifi alipiga magoti kichwani pake, hakunitazama. Mtoto alipotulia, mama alimfunga kwenye blanketi, akasema, "Ni baridi hii. Nilijua tu maji hayajawa moto vya kutosha. Jumapili ijayo nitaongeza."

Nilikaa chini kwenye sakafu iliyolowa.

Upo ugonjwa ambamo milango ya mtoto haijazidi kufunguka. Imepungua, na imepungua zaidi kwenye zile seli ambazo kazi yake ni kuzituliza nyingine. Joto humwangusha mtoto wa namna hiyo, liwe la homa au la maji. Na dawa ya kufunga milango huifunga hata ile michache iliyobaki, ikamzidishia ugonjwa. Nilikuwa nayajua haya yote. Nimeyafundisha darasani, kwa michoro. Ila kalenda ilikuwa ukutani kwetu na mimi nilitazama tarehe, sikuuliza siku hiyo nyekundu watu wa nyumba hii huwa wanafanya nini kabla ya kutoka. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Jumatatu tulikwenda wote hospitali na kalenda yetu imekunjwa kwenye mfuko. Daktari wa watoto alitusikiliza vizuri, akaipitia misalaba kwa kidole, akaanza kumbadilishia mtoto dawa hatua kwa hatua na kuagiza damu ipelekwe mbali kupimwa vinasaba. Majibu yalichukua miezi. Ulioharibika ulikuwa ni mlango huo huo.

Lakini sikungoja majibu. Jioni hiyo hiyo nilimkuta wifi akichambua maharage nikamwambia, "Wifi, nimekukosea."

"Umenikosea kweli," akasema, akaendelea kutoa mawe. Baada ya muda akausogeza ungo hadi magotini pangu. "Chambua upande wako."

Tulichambua mpaka yakaisha. Jumamosi iliyofuata nilimsikia akijaribisha sauti bafuni, nikamshukuru Mungu kwa sauti ya kwanza.

Mama ndiye aliyekuwa mgumu. Maji ya vuguvugu, mwezi wa saba, Sumbawanga? Nilimwachia kipimajoto cha maabara, akakihifadhi kabatini pamoja na rozari na hakitumii. Anapima kwa kiwiko, na kiwiko chake, anasema, kimelea watoto wengi kuliko shule zangu. Nimepima nyuma yake kwa siri. Hakosei.

Mtoto hajapona, na sitawadanganya watu. Homa ikimpanda bado tunakesha naye. Maneno yake ni machache kwa umri wake, na hutembea akiyumba kidogo. Lakini mwaka huu ameanza darasa la awali, na nilipokuja likizo nilikuta msumari wa kalenda sebuleni uko mtupu.

"Kalenda zangu ziko wapi?" nilimuuliza wifi. Ni zangu, nilidhani. Nilitaka kurudi nazo maabara.

"Zile za zamani? Nimejalidia madaftari yake," akasema. "Karatasi yake ni ngumu. Ya mwaka huu hatujaitundika."

Daftari lilikuwa juu ya meza, limejalidiwa vizuri, upande mweupe ukiwa nje na jina la mtoto limeandikwa juu yake kwa mwandiko wa mama yake. Niliinua pindo la jalada kwa ukucha. Ndani zilikuwepo tarehe nyekundu na misalaba yake ya bluu. Mtoto alikuja akiyumba, akalivuta daftari kutoka mkononi mwangu na kulibana kwapani.

"Langu," akasema.